Kuunganisha ndege Doha ukitokea Dodoma, kwa anayesafiri mara ya kwanza

Haya nayaandika baada ya kumuelekeza shangazi kwa voisi noti usiku kucha, alikuwa anaenda London kwa mwanae kupitia Doha.

1. Soma saa za tiketi. 17:05 ni saa kumi na moja na dakika tano jioni, hiyo rahisi. Kasheshe ni usiku: tarehe 12 saa 00:40 ni usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo eapoti unatakiwa uwepo tarehe 11 jioni, ukienda tarehe 12 jioni ndege ilishaondoka zamani. Saa ya Doha na ya Dodoma ni ileile, usibadilishe saa ya simu.

2. Nenda Dar siku moja kabla, kwa SGR. Basi siku ya safari sishauri kabisa. Ukishuka stesheni ya Magufuli mwambie dereva eapoti, teminali 3, teminali 2 ni ya ndege za ndani.

3. Mzigo. Asali ya Manyoni na siagi ya karanga nazo zinahesabiwa kama maji, zikizidi mililita 100 ziende begi kubwa (kama unakokwenda wanaruhusu). Pawabenki ibaki begi la mkononi. Na jamani, lile begi la shangazi kaja lenye zipu mbovu liacheni nyumbani.

4. Chekini. Wakifunga lebo kwenye begi angalia herufi tatu: ya kwenda Heathrow, eapoti ya London, iwe na LHR. Ukiona imeishia DOH uliza hapohapo, hasa kama tiketi ulikata mbili tofauti. Omba bodingi pasi zote mbili.

5. Doha. Hapa ndo penyewe. Ukishuka fuata kibao cha Transfers, usifuate watu! Shangazi aliwafuata aliokaa nao kwenye ndege, kumbe wao wanaishia Doha, akajikuta foleni ya uhamiaji, ikabidi aombe msaada arudishwe. Ukifuata transfer utakaguliwa tena, kwa hiyo maji uliyobeba kunywa kabla. Halafu tafuta skrini, na usitafute jina la mji, tafuta namba ya ndege, maana London zinaenda kadhaa kwa siku na ukikariri "London" utakaa geti la wenzio. Geti lina herufi na namba, ukiliona nenda kwanza ulijue lilipo, ndo urudi kuzunguka, chooni, chumba cha kuswalia, popote. Kabla ya kukaa tena angalia skrini upya kwa sababu geti hubadilishwa, na linafungwa kabla ya muda wa kuruka, usingoje dakika za mwisho. Pale katikati ya maduka kuna dubu la njano kubwa kuliko nyumba ya chini, lina taa kichwani. Hilo ndo alama yangu, shangazi alinitumia voisi, "mwanangu niko kwa dubu," nikajua pa kuanzia kumuelekeza.

Waifai ni ya bure. Kupiga kwa WhatsApp msikutegemee, voisi noti na picha ya skrini zinatosha, tena mi napenda picha zaidi, maana mtu akichoka anasoma B anakutamkia D. Chaja yetu ya pini tatu bapa ndo wanayotumia Qatar, adapta usinunue.

6. Geti likiitwa, panda.