Jinsi ya kumtafuta mkazi wa Uingereza ya enzi za Malkia Victoria kwa vitabu vya anwani na sensa

Malkia Victoria alitawala kuanzia Juni 1837 hadi Januari 1901. Katika kipindi hicho Uingereza ilifanya sensa sita zilizoandika majina ya watu wa nchi nzima: 1841, 1851, 1861, 1871, 1881 na 1891. Ya 1901 ilifanyika mwisho wa Machi, miezi miwili baada ya kifo chake, na watafiti huitumia pamoja na hizo.

Kuna Waswahili wengi wenye sababu ya kuzifungua. Wapo wanaoishi London au Birmingham katika nyumba zilizojengwa wakati huo. Wapo pia wanaoandika historia za makanisa yetu, na hao ndio ninaowafikiria zaidi, maana historia nyingi za parokia huanza siku mmisionari aliposhuka melini Unguja au Mombasa, kana kwamba hakuwa na mama wala mtaa aliokulia.

Ushauri wangu wa kwanza: tafuta anwani kabla ya kutafuta jina. Majina yaliandikwa jinsi yalivyosikika masikioni. Karl Marx, aliyekuwa akiishi 28 Dean Street, Soho, aliandikwa katika sensa ya 1851 kama "Charles Mark". Ukimsaka kwa jina lake tunalolijua utarudi mikono mitupu, lakini ukiijua nyumba, utamkuta humo na familia yake.

Hatua ya kwanza: kitabu cha anwani

Karne ya 19 ilikuwa na wachapishaji walioorodhesha wakazi na wafanyabiashara mji kwa mji. Majina utakayokutana nayo sana ni Pigot, Slater, White na Kelly. Chuo Kikuu cha Leicester kimeweka mtandaoni mkusanyo mkubwa wa vitabu hivyo vya Uingereza na Wales, na kuvisoma ni bure.

Kwa London fungua Post Office London Directory, iliyochapishwa na Kelly. Kitabu hicho kina sehemu kadhaa: moja hupanga watu kwa alfabeti ya majina, nyingine kwa kazi zao, na nyingine kwa mitaa. Hii ya mitaa ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu hukupitisha nyumba baada ya nyumba na kukuonyesha kila mahali mtaa unapokatwa na mwingine.

Kama unayemtafuta alikuwa padri wa Kianglikana, kuna njia ya mkato: Crockford, orodha ya makasisi iliyoanza kuchapishwa 1858. Hutaja chuo alichosoma, mwaka aliopewa daraja na parokia alizohudumia. Edward Steere, aliyekuwa askofu wa UMCA, misheni ya Kianglikana, Zanzibar kuanzia 1874, alikuwa padri wa Little Steeping, Lincolnshire, kabla ya kuja Afrika. Ukishajua jina la kijiji kama hicho, sensa ya kijiji kizima huisomi kwa muda mrefu.

Kuna mambo ya kuangalia. Vitabu hivi vilitaja zaidi wenye nyumba na wenye biashara; wapangaji wa chumba kimoja, watumishi wa ndani, wake na watoto hawamo. Pia habari zilikusanywa kabla ya mwaka ulioandikwa kwenye jalada, hivyo kitabu cha 1882 mara nyingi kinakueleza mambo ya 1881. Chukua cha mwaka wa sensa na kinachofuata, uvisome pamoja.

Tatizo linalowapoteza wengi ni namba za nyumba. Kuanzia 1855 London ilikuwa na Metropolitan Board of Works, bodi ya ujenzi wa jiji, iliyobadilisha majina ya mitaa mingi na kupanga upya namba. Namba 14 ya 1860 inaweza kuwa namba 37 ya 1870. Ukiona mtu wako "amehama" ndani ya mtaa uleule, tazama majirani. Kama muuza mikate, fundi viatu na mwenye baa waliokuwa karibu naye nao wamepata namba mpya kwa mpangilio uleule, basi hakuna aliyehama. Ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, zilizoko bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, zitakusaidia kuhakikisha.

Hatua ya pili: kuifikia sensa

Sensa ya 1881 inatafutwa bure kwenye tovuti ya FamilySearch. FreeCEN nayo ni bure, ingawa haijakamilika kwa maeneo yote. Picha za kurasa zenyewe kwa miaka yote ziko Ancestry na Findmypast kwa malipo, lakini ukiwa Uingereza usikimbilie kulipa: maktaba nyingi za umma huwaruhusu wasomaji kuzitumia bila gharama, na ukumbi wa National Archives (hifadhi ya nyaraka ya taifa) pale Kew, London, vilevile. Kama tovuti inaruhusu kutafuta kwa mtaa, anzia hapo. Kama hairuhusu, acha ubini wazi, ujaze jina la kwanza, umri wa kukadiria na mahali alipozaliwa.

Hatua ya tatu: kusoma ukurasa wenyewe

Usiridhike na maandishi yaliyochapwa na tovuti. Fungua picha ya ukurasa.

Karani wa sensa aligawa dodoso kila kaya, akalikusanya Jumatatu, kisha akanakili majibu kwenye daftari lake. Tunachosoma leo ni nakala hiyo ya karani. Madodoso ya kaya ya miaka hiyo karibu yote yaliharibiwa. Swali la msingi ni lilelile tunalolijua: nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku hiyo? Mwaka 1881 ulikuwa usiku wa Jumapili, tarehe 3 Aprili. Mgeni aliyelala usiku mmoja yumo, na baba aliyekuwa safarini hayumo.

Safu ya kwanza kushoto ina namba, na wengi huidhani ni ya nyumba. Siyo. Ni namba ya dodoso. Namba ya nyumba, kama ipo, huandikwa kando ya jina la mtaa. Angalia pia vistari vya mshazari karibu na majina: kimoja hutenganisha kaya mbili ndani ya nyumba moja, viwili huonyesha kwamba nyumba imekwisha. "Do" maana yake ni kama ilivyo juu, na "Ag Lab" ni kibarua wa shambani.

Sensa ya 1841 ni haba. Umri wa watu wazima makarani waliagizwa kuushusha hadi mafungu ya miaka mitano, kwa hiyo mwenye miaka 39 alitakiwa kuandikwa 35. Haitaji uhusiano na mkuu wa kaya, na kuhusu kuzaliwa huuliza tu kama ni ndani ya kaunti ileile, au kama ni Scotland, Ireland au nchi za nje. Kuanzia 1851 unapata uhusiano, hali ya ndoa na parokia ya kuzaliwa. Ya 1891 huongeza idadi ya vyumba, kama havifiki vitano.

Kabla ya kufunga ukurasa, nakili rejea yake yote: HO 107 kwa 1841 na 1851, kisha RG 9 ya 1861 hadi RG 13 ya 1901, pamoja na namba za kifungu (piece), karatasi (folio) na ukurasa. Bila hizo, mwenzako hawezi kukuhakiki.

Hatua ya nne: kuomba cheti

Usajili wa kuzaliwa, ndoa na vifo ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Jisajili kwenye tovuti ya General Register Office, ambako kutafuta kwenye faharasa ya kuzaliwa na vifo hakulipiwi. Faharasa hiyo hutaja ubini wa mama kabla ya kuolewa tangu 1837, na hilo peke yake hutenganisha watoto wengi wenye majina yanayofanana. Kwa ndoa tumia tovuti ya FreeBMD. Andika mwaka, robo mwaka, wilaya, juzuu na ukurasa, kisha ujaze ombi. Bei ya cheti cha karatasi ilipandishwa Aprili 2024 kuwa pauni 12.50, picha ya dijitali ya ingizo la kuzaliwa ni nafuu zaidi na inatosha kwa utafiti. Omba kwanza cheti cha mtoto aliyezaliwa karibu na mwaka wa sensa, kwa sababu kina anwani ya aliyetoa taarifa, na anwani hiyo itakurudisha kwenye sensa.

Scotland ina tovuti yake, ScotlandsPeople. Ireland inasikitisha: sensa zake za enzi za Victoria karibu zote ziliangamia, ya 1901 ipo, nayo ni bure.

Wako watu ambao sensa haitawapata kamwe. Abdullah Susi na James Chuma, waliosaidia kuubeba mwili wa Livingstone hadi pwani, walikuwa Uingereza mwaka 1874, wakafika hadi Newstead Abbey, Nottinghamshire. Walikuja baada ya sensa ya 1871 na kuondoka kabla ya ile ya 1881. Kwa watu kama hao nenda kwenye magazeti. British Newspaper Archive hulipiwa, lakini ukijisajili hupata kurasa kadhaa bure. Weka mwaka na jina la mji badala ya jina la mtu, kwa sababu wahariri nao waliandika majina ya Waafrika kwa namna nyingi.