Jinsi ya kuchonga runi kwenye mti: tuanze na jina la mfalme Gorm

Runi ni herufi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya. Historia yake naona inaeleweka haraka zaidi ukiwa na kisu mkononi, kwa hiyo leo tutachonga jina moja tu: Gorm, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Mwanawe Harald alimwekea jiwe la kumbukumbu pale Jelling mnamo mwaka 965 hivi, na bado lipo.

Hatua ya 1: Chagua safu ya herufi
Usinakili chati ya kwanza unayoiona mtandaoni. Mara nyingi huwa ni safu kongwe ya runi 24, iliyokuwa imeshaachwa zamani za Gorm. Safu hiyo ndiyo ya kitana cha Vimose, Denmark, cha mwaka 160 hivi, kilichochongwa neno “harja”. Karne ya 8 ilipofika, runi zilikuwa zimepungua hadi 16. Ajabu ni kwamba lugha yenyewe ilikuwa imeongeza sauti! Chukua hiyo ya 16.

Hatua ya 2: Andika sauti
Safu ya 16 haina g wala o. Runi ya k inabeba g pia, na ya u inabeba o. Ndiyo maana kwenye jiwe la Jelling Gorm anasomeka “kurm”:

ᚴᚢᚱᛘ

Aliyewahi kusoma Kiswahili cha zamani kwa hati za Kiarabu hatashangaa: herufi moja ya be (ب) ilisomwa b, p, hata mb, na msomaji alijua mwenyewe.

Hatua ya 3: Chonga
Tafuta kijiti cha mti laini, ukichonge upande mmoja uwe bapa. Kishike nyuzi zake zikilala kutoka kushoto kwenda kulia. Kila runi ianze na mstari wa wima unaozikata nyuzi: kata ukiinamisha kisu upande mmoja, kisha upande wa pili, mikato ikutane chini na kibanzi kitoke chenyewe. Kisha weka matawi, yote ya mshazari. K ina tawi moja linalopanda kulia kutoka katikati. M ina mawili yanayopanda huku na huku. Mstari wa mlalo hutauona, kwa sababu kisu kikifuata nyuzi mti unapasuka, au alama inapotelea humo.

Hatua ya 4: Achana na biashara ya uchawi
Wapo wanaouza “maana ya siri” ya kila runi. Mimi nakutuma Bryggen, mjini Bergen, Norway. Baada ya moto wa 1955, wachimbaji walipata huko maandishi ya runi yapatayo 670, mengi yakiwa kwenye vijiti: vitambulisho vya mizigo ya wafanyabiashara, barua, maneno ya mapenzi. Kimoja kinasema Gyda anakutaka urudi nyumbani.

Zoezi
Sasa chonga ᚼ na ᛒ, yaani H na B, zikitumia mstari mmoja wa wima. Ukimaliza, fungua simu uilinganishe na alama ya Bluetooth. Ndiyo hiyo hiyo: jina la teknolojia hiyo limetoka kwenye lakabu ya Harald, mwana wa Gorm.