Kukarabati karatasi za zamani na wanafunzi: jaribu wino kabla ya maji

Wiki iliyopita familia moja hapa Lubumbashi ilituletea sanduku la barua za babu yao, aliyefanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi, kabla ya uhuru. Nimeandika haya kwa mwalimu mwenzangu anayeanza.

Hatua ya 1. Wanafunzi wanawe mikono na kuikausha. Sitaki glavu za pamba: zinaua hisia za vidole, karatasi inachanika.

Hatua ya 2. Pigeni picha kila ukurasa, mbele na nyuma.

Hatua ya 3. Futeni vumbi kwa brashi laini, toka katikati kwenda ukingoni. Penye ukungu, barakoa, na kazi ifanyike nje.

Hatua ya 4. Jaribuni wino. Hapa usiharakishe hata kama wanafunzi wanachoka. Miaka ya nyuma nilipaka gundi kwenye ukurasa wa kitabu cha ubatizo. Maandishi yalikuwa ya kijivu, nikadhani ni penseli, na penseli haiogopi maji. Mara maneno yakageuka zambarau, yakatambaa hadi upande wa pili. Tulishinda mchana kutwa tukifyonza, na jina la mtoto halikusomeka tena. Ilikuwa penseli ya kopi: grafiti iliyochanganywa na rangi ya anilini. Makarani waliipenda kwa sababu kifutio hakiiwezi.

Kwa hiyo tazama kwanza kwa lenzi, ukitafuta chembe za zambarau. Kisha chukua brashi nyembamba, gusisha tone dogo sana la maji safi kwenye nukta au mkia wa herufi, ngoja dakika moja, kandamiza kipande cha karatasi ya kufyonza. Ikitoka rangi, simama. Rudia kwa kila wino uliopo: sahihi, muhuri, mistari, maneno yaliyoongezwa pembeni. Muhuri unaweza kuyeyuka wakati sahihi iliyo chini yake imetulia. Usifikiri spiriti badala ya maji itakuokoa. Rangi ya anilini huyeyuka humo pia. Gundi nayo ina maji. Ukurasa ulioshindwa jaribio haubandikwi, unaingia kwenye folda hivyo hivyo ulivyochanika.

Hatua ya 5. Gundi ni wanga wa ngano, si unga. Usipoupata dukani, kanda donge la unga ndani ya maji, acha maji meupe yatuame, chukua kilichobaki chini. Sehemu 1 ya wanga kwa 5 za maji, moto mdogo, koroga dakika 30, chuja. Skochi, ule utepe wa plastiki unaonata, isiingie darasani kabisa: inaacha doa la njano lisilotoka.

Hatua ya 6. Karatasi ya Kijapani, ile nyembamba yenye nyuzi ndefu tunayozibia palipochanika, usiikate kwa mkasi. Chora mstari wa maji, vuta taratibu, nyuzi zibaki nje, ndizo zinazoshika. Bandika, weka uzito, acha ikauke. Wafanye kwanza kwenye karatasi zisizo na thamani.

Hatua ya 7. Sanduku likae juu ya rafu ya chuma, mbali na ukuta. Mchwa wa huku mnawajua.