Wikendi ya NASCAR Talladega: ukitoka Atlanta

Talladega ni uwanja wa mbio za magari za NASCAR, huko Alabama, Marekani. Toka Atlanta Ijumaa jioni, ushike barabara ya I-20 kuelekea magharibi. Ukivuka mpaka wa Alabama, rudisha saa nyuma kwa saa moja. Mwaka wa kwanza nilisahau, nikafika getini mapema kama mtoto wa siku ya Idi.

Lala kwenye hema. Kelele za majirani zitakukesha, lakini asubuhi utapewa nyama choma na watu usiowajua, nawe uwape chapati.

Tiketi: usidanganywe na viti vya chini karibu na uzio. Mimi nilikaa huko mara moja. Magari yalipita kama upepo, sikuona namba hata moja, na vipande vya mpira wa matairi vikaniangukia kwenye soda. Panda juu kabisa. Uwanja una mzunguko wa maili 2.66, kona zimeinuliwa nyuzi 33, na ukiwa juu ndipo unaona magari yakifuatana bampa kwa bampa, la nyuma likilisukuma la mbele kwa makusudi.

Vizibo vya masikio si hiari, hasa kwa watoto. Ukiweza, kodi redio ya kusikiliza madereva wakizungumza na timu zao. Raundi ni 188, bila redio utapotea njiani.

Kofia, maji, mafuta ya jua. Bendera ya mwisho ikipepea usikimbilie gari, foleni haitoki. Washa jiko, bandika chai.