Kompyuta ya maktaba: kazi kubwa ifanye kabla hujakaa

Wanaokuja Tabora mjini kutoka Urambo au Sikonge kutafuta kompyuta hulipa nauli, kisha steshenari inawadai tena kwa kila ukurasa. Maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, si ya wanafunzi peke yao; mkulima wa tumbaku naye ana nafasi pale. Mfano wetu ni kuomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali, maana ndipo wengi wanapotokwa jasho.

Hatua ya 1: nyumbani. Andika kwenye daftari namba yako ya NIDA, anwani ya barua pepe na miaka ya masomo kama ilivyo kwenye vyeti. Nywila usiiandike humo. Beba simu yenye laini uliyofungulia barua pepe, tena ina chaji, kwa sababu Google ikiona unaingia kwa mashine ngeni mara nyingi hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo. Laini ikiwa ilishapotea, safari imekufa hapo. Vyeti viskaniwe mapema viwe PDF, kila kimoja na jina lake: "cheti kidato cha nne", si "IMG" na msururu wa tarakimu. Barua ya maombi inatakiwa sahihi yako, kwa hiyo iandikwe, ichapwe, isainiwe, ndipo iskaniwe.

Hatua ya 2: mapokezi. Salimia, uliza utaratibu wa zamu na siku za mafunzo kama yapo. Wahi asubuhi.

Hatua ya 3: kwenye mashine. Kwenye Chrome bonyeza Ctrl+Shift+N upate dirisha la faragha. Ukilifunga, halibakizi historia ya ulikopita. Ukiulizwa kama nywila ihifadhiwe, kataa. Unapoandika kitu kirefu kwenye programu ya kuandikia, bonyeza Ctrl+S kila aya ili kihifadhiwe. Umeme wetu mnaujua.

Hatua ya 4: kuondoka. Toka kwenye akaunti, funga madirisha yote. Dirisha la faragha halifuti faili ulizopakua, na wengi hawalijui hili. Ingia folda ya vipakuliwa, chagua zako tu, bonyeza Shift+Delete zisipitie kwenye pipa. Nakala ya kitambulisho ikibaki pale, anayekufuata kwenye zamu ataikuta.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Isevya:* Mwanangu, mimi hata mausi sijawahi kushika. Si nitachekwa?

Shikamoo mama. Mwombe mkutubi akufungulie programu ya kuandikia tu, uandike majina ya wajukuu wako mpaka mkono uzoee. Intaneti isubiri. Mafunzo yanayoanza na historia ya kompyuta, kwa maoni yangu, yanawachosha watu bure.

*Kijana wa Urambo:* Kaka, nimefika nyumbani ndiyo nakumbuka barua pepe niliiacha wazi!

Usipande gari tena. Kwenye simu fungua mipangilio, ingia akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, kisha vifaa vyako. Chagua ile kompyuta, iondoe. Halafu badilisha nywila leo hii.

*Dada wa Cheyo:* Flashi yangu imetoka huko na virusi, mafolda yote yamegeuka shotikati. Niifomati?

Hapana dada, subiri. Mara nyingi faili huwa zimefichwa tu, fundi anaweza kuzirudisha. Safari ijayo jitumie faili kwa barua pepe. Gmail inakuruhusu kutuma viambatisho hadi MB 25, na vyeti vyako vyote havifiki huko kama vimeskaniwa kwa kiasi.