Mfunze Mbwa kwa Sauti, si kwa Kelele

Kazi yangu ni kufundisha mbwa majumbani mwa watu, hasa huku Eastlands, Nairobi: Buruburu, Donholm, Umoja. Mara nyingi hata kabla sijafunguliwa geti nasikia, "Simba! Simba, njoo hapa!" kwa sauti ya kufukuza mwizi. Nikiingia, Simba yuko chini ya gari, masikio kayalaza. Mwenyewe ananiambia mbwa ni mkaidi. Si ukaidi. Amesikia hasira, na hakuna mbwa anayekimbilia hasira.

Tena masikio yake yanatushinda mbali. Husikia sauti nyembamba mpaka karibu hezi (mitetemo kwa sekunde) 45,000, sisi tunaishia 20,000. Kupaza sauti hakumwongezei kitu ila hofu.

Anza na kumwita. Chutama, uso mkunjufu, toa sauti nyepesi, nyembamba, fupifupi, inayorudiwa haraka: "Njoo-njoo-njoo!" Mtafiti Mmarekani Patricia McConnell, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1990, aliona kwamba milio mifupi inayopanda huwafanya watoto wa mbwa wasogee, na mlio mmoja mrefu unaoshuka huwatuliza. Ndiyo maana "ngoja" naivuta chini, taratibu: "Ngojaaa." Itumie kila geti linapofunguliwa, maana boda hazina breki za kusubiri mbwa.

Wanaume wengi huona haya hapa. Mzee mmoja wa Donholm aliniuliza, "Mwalimu, sasa nianze kuongea kitoto mbele ya majirani?" Nikamwomba ajaribu mara moja tu. Akatazama ukuta wa jirani, akakohoa, akaita kwa sauti laini. Jike lake lililokuwa limejibanza kando ya tangi likainua kichwa, mkia ukaanza kupiga tangi, likaja mpaka magotini pake. Kama sauti yako nzito haipandi kabisa, piga makofi mepesi au ulimi. Mbwa ataelewa.

Neno la kukataza liwe moja, zito, kavu: "Acha!" Kisha nyamaza. Ukilirudia rudia litageuka kelele kama za makanga wa matatu na atalizoea. Akiacha tu, hapo hapo msifu.

Sifa nazo zina kanuni yake. Mwaka 2016 mtafiti Attila Andics na wenzake, huko Budapest, Hungaria, walipiga picha za ubongo wa mbwa wakiwa macho, wamelala tuli ndani ya mashine. Sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliamka pale tu maneno ya sifa yaliposemwa kwa sauti ya sifa. "Safi sana" ya kunung'unika huku unasoma simu haimfikii. Iseme kwa moyo, mpe na kipande kidogo cha maini ya kuchemsha.

Usimwite kamwe ili umchape, umwogeshe au umfungie. Mfuate alipo. "Njoo" ikishaharibika, kuirekebisha ni kazi ya miezi.

Halafu wakalishe watu wote wa nyumba, pamoja na dada wa kazi na askari wa geti, mkubaliane maneno na sauti. Mimi hupendelea "kaa" badala ya "keti", kwa sababu ploti nzima inashinda ikipiga kelele "geti!" na mbwa anachanganyikiwa.

Mazoezi yaanze asubuhi ndani ya ua, kabla matatu hazijaanza honi, dakika chache tu, umalize akiwa bado ana hamu. Akishika, msogeze karibu na barabara, au mpeleke msitu wa Karura akiwa kwenye kamba. Akishindwa kukusikiliza huko usipaze sauti. Rudi naye nyuma kidogo, mbali na kelele, umwite tena kwa sauti uliyomzoesha.