Jinsi ya kutengeneza puto la hewa moto Mbeya, na kwa nini linaelea

Puto hupaa pale tu uzito wake wote, yaani ngozi yake, gundi, kamba na gesi iliyomo ndani, unapokuwa mdogo kuliko uzito wa hewa ambayo puto hilo limeisukuma kando ili lijipatie nafasi. Mtu akishaielewa kanuni hii anaweza kujua kwa hesabu, kabla hajakata hata kipande cha plastiki, kama puto lake litapaa au litabaki sakafuni. Mwongozo huu ni wa walimu, wanafunzi na wazazi wa Nyanda za Juu Kusini, hivyo hesabu zake zimefanywa kwa hewa ya huku, ambayo si sawa na ya pwani.

Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni karibu asilimia 81 ya ule wa pwani, na ndiyo sababu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na maharage huchelewa kuiva. Asubuhi ya mwezi Juni, joto likiwa nyuzi 10, mita moja ya ujazo ya hewa ya Mbeya ina takribani gramu 1,016. Dar es Salaam, kwenye nyuzi 28, ujazo huohuo una kama gramu 1,170.

Kani inayoinua puto hutokana na tofauti ya mgandamizo kati ya chini na juu. Hapa Mbeya, kila unapopanda mita moja, mgandamizo hupungua kwa takribani paskali 10 (paskali ni kipimo cha mgandamizo). Chukua sanduku la mita moja kila upande: hewa husukuma sehemu yake ya chini kwenda juu kwa nguvu inayozidi ile inayokandamiza sehemu ya juu kwa nyutoni 10 hivi (nyutoni ni kipimo cha nguvu), nazo ndizo uzito wa ile hewa ya kilo moja ambayo ingekuwa mahali pa sanduku. Archimedes wa Sirakusa alieleza kanuni hii kwa vimiminika katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na hewa nayo huifuata. Kani hiyo haibadiliki kwa sababu ya kilichomo ndani. Iwe mchanga au heliamu, gesi nyepesi kuliko hewa, hubaki ileile. Kazi yetu ni kupunguza uzito wa kilichomo.

Njia rahisi ni joto. Hewa ikipashwa hutanuka, na kwa kuwa mdomo wa puto uko wazi, sehemu yake hutoka. Kwenye nyuzi 50, mita moja ya ujazo ya hewa ya Mbeya hubaki na gramu 890 hivi. Ukitoa 890 katika 1,016 unapata gramu 126, na huo ndio uzito wote unaoruhusiwa kwa plastiki, gundi na kamba. Ndugu Montgolfier wa Ufaransa, waliorusha puto lao la kitambaa na karatasi huko Annonay mwaka 1783, walidhani moshi una gesi ya pekee inayoinua. Moshi hauna kazi hiyo. Joto ndilo lililoinua puto lao.

Tafuta plastiki nyembamba kabisa ya mifuko ya taka, ile inayotikisika ukiipumulia tu. Kata kipande cha mita moja kwa mita moja, ukipime kwenye mizani ya jikoni ya betri au umwombe sonara akupimie. Kikizidi gramu 15, tafuta plastiki nyingine. Fagia sakafu vizuri, kwa maana punje moja ya kokoto hutoboa. Unganisha vipande upate mashuka mawili, kila moja likiwa na upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2, uyalaze moja juu ya jingine, kisha uyafunge kingo zote kwa selotepu nyembamba, ukiacha mdomo wa sentimita 25 katikati ya upande wa chini. Mfuko wa namna hii ukijaa hubeba karibu mita moja ya ujazo. Plastiki yake ni mita 6 za mraba, yaani gramu 90, na selotepu ni kama gramu 10. Jumla ni 100, hivyo zinabaki gramu 26 kwa uzi.

Rusheni saa moja asubuhi, ndani ya ukumbi wenye ubaridi au mahali pasipo upepo. Mmoja ashike ncha ya juu, mwingine aingize hewa moto kwa draya ya nywele, akiweka mdomo wa draya mbali kidogo na plastiki ili isiyeyuke. Baada ya dakika chache mabega ya mfuko hukaza, makunyanzi hupotea kuanzia juu kushuka chini, na anayeshika ncha huhisi mfuko ukimvuta mkono. Hapo aachie, uzi ukiwa umeshikwa. Likipinduka njiani, bandika vibanio viwili vya karatasi mdomoni ili upande wa chini uwe mzito.

Puto hilohilo halitapaa saa sita mchana. Hewa ya nje ikifika nyuzi 24, mita ya ujazo hubaki na gramu 968, na tofauti na hewa ya ndani hushuka hadi gramu 78, pungufu ya uzito wa mfuko. Watu wengi huamini kwamba hewa yetu nyepesi inatunyima nafasi, lakini baridi ya asubuhi hutufidia vizuri: Dar es Salaam, kwa joto lilelile la ndani, tofauti ni gramu 80 tu.

Anayetaka puto la mchana aongeze ukubwa. Ukizidisha urefu na upana mara mbili, plastiki huongezeka mara nne lakini ujazo huongezeka mara nane, na gramu 78 mara nane zinatosha kubeba mfuko wa gramu 400. Likiwa jeusi, hata jua pekee linaweza kulipasha. Puto la ukubwa huo lifungwe kwa kamba imara muda wote, lisirushwe karibu na uwanja wa ndege wa Songwe, na plastiki zote zikusanywe kabla ng'ombe hawajazila. Mishumaa na vibatari nakataza kabisa. Kiangazi nyasi ni kavu, na cheche moja inaweza kuteketeza msitu wa misonobari. Plastiki hiyo pia isiachwe mikononi mwa watoto wadogo, maana inaweza kuwaziba pumzi.

Kwa maputo ya sherehe hesabu ni ileile. Puto la lita 10 husukuma kando gramu 10 hivi za hewa ya Mbeya. Heliamu iliyomo ina gramu 1.4 na mpira wake kama gramu 3, hivyo linaweza kuinua zaidi ya gramu 5. Lililopulizwa kwa mdomo huanguka, kwa kuwa hewa iliyomo imebanwa kidogo na mpira unaongeza uzito. Heliamu yenyewe haiko mbali nasi: mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza kwamba Bonde la Rukwa lina akiba kubwa ya gesi hiyo, iliyozalishwa na urani na thori, elementi zenye mnururisho, ndani ya miamba ya kale, kisha ikafunguliwa na joto la volkano za Bonde la Ufa.